Mambo ya Nyumbani: Baraza ya Wavu, na Mapatano na Fundi

Mwalimu mmoja ameniuliza hivi: "Nataka kuongeza baraza yenye wavu mbele ya nyumba yangu, watoto wapate kusoma jioni pasipo kuumwa na mbu. Nitafute fundi wa namna gani, na nimlipe vipi?" Swali hili ni jema, nami nina sababu ya kulijibu, kwa maana baraza ya nyumba yangu niliijenga mara mbili.

Mara ya kwanza fundi alikuwa ndugu yetu, tukiketi naye kanisani ubao mmoja. Kwa hiyo niliona haya kumwambia, "Tuandike." Niliona kana kwamba kumwomba karatasi ni kumwita mwivi. Alipotaja bei nilimpa fedha zote siku ile ile, nazo zilikuwa akiba yetu ya miaka miwili. Akaja siku nne, akachimba msingi, akasimamisha nguzo, akabandua mabati ya ukingo wa nyumba ili aunganishe paa jipya. Siku ya tano hakuja, wala ya sita. Kumbe fedha zangu zilikuwa zimekwenda kumaliza kazi ya mtu mwingine aliyetangulia kumlipa.

Masika yakatukuta hali paa li wazi. Maji yaliingia chumba cha watoto, tukawahamishia jikoni, mahali pasipo chandarua, na mtoto wetu wa tatu akashikwa na malaria, tukalala naye hospitali siku tano. Alipona. Lakini mimi na fundi yule hatukusemezana mwaka mzima, wala hapana aliyeweza kutuamua, maana kila mmoja aliyakumbuka mapatano kwa namna yake. Yeye alisema bei ile haikuwa pamoja na wavu. Mimi nilisema ilikuwa pamoja nao. Wazee wakatusikiliza jioni nzima, wakaenda zao.

Basi, kabla ya kusema habari za fundi, tujue kwanza baraza hii ni ya kazi gani, kwa kuwa asiyejua kazi ya kitu hukijenga kwa kupendeza macho tu. Mwaka 1897 Ronald Ross aliona vijidudu vya malaria ndani ya mbu huko Secunderabad katika Uhindi. Mwaka 1900 Patrick Manson wa London aliwatuma matabibu wawili, Louis Sambon na George Low, wakakae katika kibanda chenye wavu kwenye nchi ya mabwawa karibu na Roma, mahali palipokuwa na malaria kali. Mchana walitembea watakako. Jua lilipokaribia kutua waliingia ndani, wasitoke mpaka asubuhi. Walikaa hivyo tangu Julai mpaka Oktoba, pasipo kumeza kwinini, wala homa haikuwapata, hali wenyeji waliowazunguka wakiugua.

Mbu wa malaria huuma usiku, na katika nchi zetu njia yake kubwa ya kuingia nyumbani si dirisha, bali ni ule upenyo ulio kati ya kichwa cha ukuta na paa. Nimepata kuonyeshwa baraza moja nzuri mno, wavu wake mpya wang'aa, na juu yake pengo ambalo hata popo angepita. Mwenyewe alifurahi sana, nami sikuwa na moyo wa kumwambia. Fundi wako na azibe upenyo ule kwanza. Wavu uwe na matundu 16 mpaka 18 katika kila inchi moja. Wavu wa kuku ni wa kuku. Wakaao Tanga au Pangani, penye hewa ya chumvi, wasinunue wa chuma cha kawaida, maana kutu itaula. Wa alumini au wa faiba hudumu zaidi. Mlango ufunguke kwa nje, tena uwe na springi ya kuufunga wenyewe, kwa sababu mbu hupenda kutua juu yake, nao ukifunguka kwa ndani huwakaribisha. Chini ya wavu pawe na ukuta mfupi kama futi mbili na nusu, au mbuzi watakufundisha sababu yake. Sakafu iteremke kwenda nje, robo inchi kwa kila futi, kwa kuwa wavu hauzuii mvua ya upepo.

Nyumba ikiwa ni ya shule au ya kupanga, uombe ruhusa ya mwenyewe kwanza. Na katika mji, uulize kibali cha ujenzi katika halmashauri kabla ya kutoa fedha yo yote.

Sasa fundi. Usimtafute kwa sifa za njiani. Nenda ukaione kazi yake iliyopitiwa na masika moja au zaidi, tena umwulize mama wa nyumba ile. Baba atakusifia bei. Mama atakuonyesha mahali pavujapo.

Mara ya pili niliitiwa fundi wa kijiji kingine. Nilikuwa nimejizoeza maneno yangu njiani, nikamwambia kwa sauti isiyo yangu, "Fundi, mimi sijengi pasipo kuandika." Nalidhani atakasirika. Akafungua mfuko wake, akatoa daftari, akasema, "Afadhali, Mwalimu. Mimi nami nimekwisha kudhulumiwa na walimu wawili."

Neno lile lilinitia aibu, maana ni kweli. Twasema sana habari za mafundi wakimbiao, wala hatusemi habari za wenye nyumba wanaomwambia mtu "Njoo kesho" mpaka watoto wake walale na njaa. Karatasi humlinda yeye kama inilindavyo mimi.

Tuliandika urefu na upana, namna ya mabati, namna ya wavu, nani anunue vifaa, siku za kazi, na kwamba paa la kale lisifunguliwe kabla mabati mapya hayajafika uwanjani. Sharti lile la mwisho nililitaja mimi, naye hakuuliza sababu. Vifaa nilinunua mwenyewe pamoja naye dukani. Ujira tuliugawa mafungu manne: la kwanza sakafu ikiisha, naye akapata humo posho kidogo ya kuanzia, la pili nguzo na paa vikisimama, la tatu wavu na mlango vikitiwa, la nne baada ya mvua kubwa ya kwanza. Tukatia sahihi, na mashahidi wawili, mmoja wake na mmoja wangu. Sakafu ilipomwagwa tuliinywesha maji siku 7, kazi ya watoto wakirudi shuleni. Kati ya sakafu mpya na ukuta wa kale aliacha nafasi nyembamba, maana msingi mpya hushuka kidogo, na vilivyoshikamanishwa hupasuka.

Mvua kubwa ilinyesha usiku wa Jumanne. Asubuhi tukaona tone moja mahali paa mbili zinapokutana. Nikampelekea habari, naye akaja kesho yake na kipande cha bati, akakikunja chini ya mabati ya kale, tukamwaga ndoo nne za maji juu, pakawa pakavu. Nikamhesabia fungu la nne mezani pale barazani. Akaandika "Nimepokea" katika daftari lake na katika langu, ndipo mama watoto akaleta chai.