Kayna: pikapu ya mazutu imebeba kazi ya barabara

Kusini mwa wilaya ya Lubero, gunia la viazi halina bei moja. Kuna bei ya shambani, na kuna bei ya sokoni Butembo. Katikati ya bei hizo mbili kuna gari, na siku za mvua gari lenyewe mara nyingi ni lile lile: pikapu ya mazutu, Toyota Land Cruiser, ambayo magurudumu yake yote manne yanavuta kwa pamoja. Ndiyo inabeba viazi, maharage, wagonjwa, maiti, viti vya harusi na wanafunzi wanaorudi nyumbani.

Wakaaji wa Kayna wanaisifu gari hii, na wana haki. Lakini nyuma ya sifa kuna maswali mawili ambayo hayasemwi sana. Nani analipa wakati mji unategemea gari la tani moja, fasi ambapo Fuso ingebeba tani saba? Na kwa nini gari hilo hilo ndilo la kwanza kutafutwa na watu wenye silaha?

Gari lililotengenezwa kwa kazi

Land Cruiser za aina hii, zile za serie 70, zilianza kuuzwa mwaka 1984. Tangu 1990 nyingi kati ya zile zinazofika Afrika zimekuwa na injini ya mazutu inayoitwa 1HZ: silinda sita, lita 4.2, haina turbo. Injini ya mazutu haitumii cheche ya bugi. Inabana hewa mpaka inapata moto sana, halafu mazutu inaingia na kuwaka yenyewe. Faida yake ni kwamba inavuta kwa nguvu hata ikizunguka polepole. Kwa 1HZ, nguvu kubwa ya kuvuta inapatikana karibu na mizunguko 2,200 kwa dakika. Kwa maneno mengine, shofa anaweza kupanda mlima na mzigo mzito bila kukimbiza gari, na hilo ndilo linatakiwa pale ambapo mbio ni hatari.

Sababu ya pili ni pompi yake. Kwenye 1HZ pompi ya mazutu inafanya kazi kwa chuma, bila kompyuta. Mekanisye wa Butembo au wa Kirumba anaifungua, anaisafisha na kuirudisha kwa funguo za kawaida. Magari mapya ni hadithi ingine. Tangu 2023 Toyota imeanza kuweka ndani ya serie 70 injini ya silinda nne ya lita 2.8, yenye turbo na kompyuta. Inavuta kuliko 1HZ na inakunywa kidogo. Lakini inataka mazutu safi. Ile mazutu inayouzwa kwenye bido pembeni ya barabara na wale wanaoitwa kadhafi, ambayo wakati mwingine ina maji na vumbi, inaweza kuua vifaa vyake vidogo vya kupulizia mafuta. Na hapo kuitengeneza kunaomba mashine ya kusoma kompyuta, kitu ambacho hakipatikani kila kijiji. Ndiyo maana gari la zamani bado lina soko kubwa huku kwetu.

Huko Marekani kuna pikapu kubwa kuliko hizi, kama Ford Super Duty na Ram. Zimetengenezwa kwa kuvuta trela lenye tani nyingi juu ya lami. Kwetu kuvuta kuna maana ingine. Ni kamba ya chuma mbele, Fuso limezama mpaka kwenye eksi nyuma, na vijana wenye pawa pembeni wakingoja malipo. Pikapu inayovuta Fuso kwenye matope inafanya kazi ya barabara ambayo haikutengenezwa.

Hesabu ya gunia

Tuchukue mfano. Fuso la tani 7 linabeba magunia 70 ya kilo 100. Tuseme linakunywa lita 28 za mazutu kwa kilomita 100. Kila gunia limetumia chini ya nusu lita. Pikapu inabeba tani moja, ni kusema magunia 10. Tuseme inakunywa lita 18 kwa njia hiyo hiyo, kwa sababu imejaa na barabara ni mbaya. Kila gunia limetumia karibu lita mbili. Kwa mazutu peke yake, gunia lililopanda pikapu limelipa zaidi ya mara nne kuliko lile lililopanda Fuso.

Na mazutu ni mwanzo tu. Pale ambapo takse inahesabiwa kwa gari, pikapu saba zinalipa mara saba kwa mzigo ambao Fuso moja lingelipia mara moja. Watafiti wa shirika la IPIS la Ubelgiji walihesabu bariyeri 798 kwenye barabara za Kivu mbili katika utafiti uliotoka mwaka 2017. Zingine zilikuwa za idara za serikali, zingine za jeshi, zingine za makundi ya waasi. Mwisho wa yote, mlaji wa Butembo anaona viazi vimepanda bei, na mkulima wa Kayna anaona mnunuzi anamshusha bei. Kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anakula faida, wakati feza zimebaki njiani.

Kwa sababu hiyo, wale wanaosema kwamba shida ya barabara itaisha watu wakinunua magari yenye nguvu wanakosea hesabu. Gari lenye nguvu linapita, ndiyo. Lakini linapitisha kidogo, na kwa bei kubwa. Kuna na hatari ingine: kadiri pikapu zinavyozidi kupita pale ambapo Fuso limeshindwa, ndivyo wakubwa wanavyoweza kusema kwamba njia iko wazi.

Kilomita 223 ambazo hazifiki Kayna

Kayna iko juu ya barabara ya taifa namba 2, ile inayotoka Goma, inapita Rutshuru, inapanda mlima wa Kabasha kuelekea Kanyabayonga, halafu Kayna, Kirumba, Alimbongo, Lubero, Butembo mpaka Beni. Ni mshipa wa damu wa jimbo. Mwezi Juni 2021, Rais Félix Tshisekedi na Rais Yoweri Museveni wa Uganda walikutana mpakani Kasindi na Mpondwe kuzindua kazi za barabara za kilomita 223. Kwa kaskazini, mpango ulitaja kilomita 80 za Kasindi mpaka Beni na kilomita 54 za Beni mpaka Butembo. Kwa kusini, ulitaja kilomita 89 za Bunagana, Rutshuru na Goma.

Ukiangalia ramani, jambo moja linaonekana haraka. Kaskazini mpango unasimama Butembo. Kusini unasimama Rutshuru. Sehemu ya katikati, ambamo Kayna imelala, haimo. Ni sehemu hiyo hiyo yenye milima, udongo unaoteleza na mashamba yanayolisha miji. Kwa hiyo hata kama kazi zote zingemalizika kama zilivyoandikwa, mkulima wa Kayna angebaki anategemea barabara ya udongo pande zote mbili.

Si kwamba nchi haina idara za kazi hiyo. Office des Routes iko tangu 1971. Mfuko wa kutunza barabara, FONER, uliundwa na sheria ya mwaka 2008, na unapata feza kwenye bei ya mafuta na kwenye peaji. Maana yake, kila lita ya mazutu iliyolipiwa takse ina kipande cha barabara ndani yake. Pikapu inayokunywa mara nne zaidi kwa kila gunia inachangia mara nne zaidi kwa barabara ambayo haioni.

Gari linalopendwa na wote

Mambo yakawa magumu zaidi wakati vita vilipofika. Tarehe 28 Juni 2024 waasi wa M23 walichukua Kanyabayonga, na siku zilizofuata wakachukua Kayna na Kirumba. Mwezi Desemba mwaka huo mapigano yalifika Alimbongo. Goma ilianguka mwisho wa Januari 2025, na uongozi wa jimbo ukahamia Beni. Tangu hapo Kayna iko upande mmoja wa mstari wa vita, na soko lake kubwa, Butembo, liko upande wa pili.

Sifa zinazofanya pikapu iwe nzuri kwa maharage ndizo zinaifanya iwe nzuri kwa vita: inapita kila fasi, inabeba tani, inatengenezeka porini. Dunia iliona hilo mwaka 1987, wakati jeshi la Chad lilipopiga vifaru vya Libya likitumia pikapu za Toyota, mpaka watu wakaita vita hivyo vita vya Toyota. Kwa mwenye gari wa kusini mwa Lubero, somo hilo si la historia. Askari au mwasi anayetaka kusafirisha watu na risasi hatatafuta gari dogo la esanse. Anatafuta pikapu ya mazutu.

Matokeo yake yanaeleweka. Mwenye pikapu anayeogopa kunyang'anywa anaipeleka mbali na mstari wa vita. Mji unabaki na piki, na chukudu, na migongo ya wamama. Mzigo unaoweza kungoja unaoza. Mgonjwa, yeye, hawezi kungoja. Mama aliyeshindwa kuzaa kijijini na anayetakiwa kufikishwa kwenye hospitali kubwa ya Kayna anategemea kama siku hiyo kuna gari ambalo mwenyewe amekubali kuhatarisha.

Kitu gani kinawezekana

Kuna mambo ambayo hayangoji lami. La kwanza ni bariyeri ya mvua: kusimamisha magari mazito kwa saa chache baada ya mvua kubwa, ili yasichimbe mashimo. Desturi hiyo inajulikana Congo tangu zamani. Lakini inasaidia tu ikiwa haigeuzwi kuwa bariyeri ya feza. La pili ni mifereji. Barabara ya udongo inauawa na maji kuliko uzito, na salongo ya majembe na pawa pembeni ya njia inaweza kuokoa kilomita nyingi kabla ya mvua za Septemba. La tatu ni takse kuhesabiwa kwa uzito wa mzigo, kusudi gunia la maskini lisilipe kuliko gunia la tajiri.

La ine liko mikononi mwa wenye silaha, wa pande zote. Sheria za vita zinalinda mali ya raia na magari ya wagonjwa. Kunyang'anya pikapu moja Kayna si kumnyang'anya mtu mmoja. Ni kufunga soko na kukata njia ya hospitali kwa vijiji vyote ambavyo gari hilo lilikuwa linahudumia.

Pikapu ya mazutu itaendelea kuwa rafiki wa Kayna kwa muda mrefu. Lakini kazi yake ni kubeba mizigo. Kazi ya kutengeneza barabara na kulinda wanaopita juu yake ina wenyewe, na wakaaji wanaolipa takse kwa kila lita wana haki ya kuwadai.