Mlango wa Klabu ya Gofu Ufunguliwe

Kijana wa Kinyangiri, katika Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, akitaka kujiunga na timu ya soka ya kijiji chake haandiki barua wala hatafuti mdhamini. Hufika kiwanjani jioni, kazi za shamba la alizeti au la vitunguu zikiwa zimekwisha, akasimama pembeni akitazama. Siku mchezaji mmoja akikosekana, huitwa aingie. Akicheza vizuri huitwa tena kesho yake, na huo ndio uanachama wake. Kwa utaratibu huo mwepesi soka haijakosa wachezaji vijijini, kizazi hata kizazi.

Utaratibu wa klabu ya gofu ni mwingine kabisa. Kwa desturi iliyotoka Uingereza, mtu anayetaka kuingia hupendekezwa na mwanachama mmoja na kuungwa mkono na mwingine. Jina lake hubandikwa ukutani ili wenye pingamizi wapate kusema. Kisha kamati humwita, ikamhoji na kumpima. Katika klabu za kale kura ilipigwa kwa vidonge, na kidonge cheusi kimoja au viwili ndani ya sanduku vilitosha kumfungia mtu nje bila ya kuelezwa sababu. Aliyepita mtihani huo alikabiliwa na ada ya kiingilio, ada ya kila mwaka, na gharama ya fimbo, mipira na viatu. Ni dhahiri kwamba utaratibu wa namna hiyo haukuwekwa ili kuvuta watu. Uliwekwa ili kuwachuja.

Katika Afrika Mashariki mchujo huo ulikuwa wa rangi kwanza, kisha wa mfuko. Wakati wa ukoloni klabu za gofu zilikuwa mahali pa mapumziko pa watawala na walowezi. Mwafrika aliingia humo kwa mlango wa kazi: alikata nyasi, alipika, na alibeba mfuko wa fimbo nyuma ya bwana. Kwingineko hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1963 huko Afrika Kusini, Papwa Sewgolum, mbeba mifuko wa Durban mwenye asili ya Kihindi, alishinda mashindano ya wazi ya Natal. Alikabidhiwa kikombe chake nje, mvua ikinyesha, kwa kuwa sheria za ubaguzi hazikumruhusu kuingia katika jengo la klabu pamoja na wale aliowashinda.

Mambo yamebadilika, lakini kwa mwendo wa kinyonga. Klabu ya Augusta huko Marekani ilimpokea mwanachama wake wa kwanza mweusi mwaka 1990, na wanawake wa kwanza mwaka 2012. Klabu kongwe ya St Andrews huko Scotland, iliyoundwa mwaka 1754, ilikubali wanawake mwaka 2014, yaani baada ya miaka 260. Klabu hizo zilikuwa na fedha na sifa za kuziwezesha kungoja. Klabu nyingi hazina uwezo huo. Wanachama wao huzeeka, na vijana wenye kazi na familia huona ni vigumu kutenga saa nne kwa mzunguko mmoja wa mashimo 18.

Kwa hiyo zimebuniwa mbinu nyingi za kuvuta watu. Ziko siku za wazi, ambapo yeyote huja kujaribu kupiga mpira bila malipo. Ziko ada za majaribio, ada za familia na ada zinazolipwa kidogo kidogo. Wako wanaohimiza mchezo wa mashimo tisa kwa wenye haraka. Aidha, ziko klabu zinazoyauzia makampuni nafasi kwa ajili ya wakubwa wao. Mbinu hizi si mbaya, lakini nyingi zina kasoro moja: zinamtafuta mtu ambaye tayari ana fedha. Mwanachama wa namna hiyo huingia kwa heshima ya jina la klabu au kwa kutafuta biashara, na biashara ikihamia kwingine naye huhama.

Mchezaji wa kweli hulelewa. Samaki mkunje angali mbichi, nao wahenga hawakukosea. Severiano Ballesteros, aliyeshinda mashindano ya wazi ya Kenya mwaka 1978 na yale ya Uingereza mara tatu, alikuwa mtoto wa mkulima katika kijiji cha Pedreña, Hispania. Alijifunza gofu utotoni kwenye mchanga wa ufuko, kwa fimbo moja. Hakuna kamati iliyompendekeza. Mchezo ulimfikia kwa sababu kiwanja kilikuwa jirani na ndugu zake walifanya kazi humo.

Hapa ndipo klabu za Tanzania zinapopaswa kujitazama. Vijana wanaobeba mifuko wanaijua kila nyasi ya kiwanja, na wengi wao hucheza kuliko hao wanaowabebea. Lakini je, ni wangapi walio wanachama? Kuwaacha hao nje huku zikitangazwa nafasi kwa wageni ni sawa na kutafuta maji mbali ilhali kisima kiko uani. Klabu ya Lugalo jijini Dar es Salaam, iliyo mali ya Jeshi la Wananchi, ni ushahidi kwamba gofu si lazima iwe urithi wa matajiri.

Wapo watakaouliza: kijiji cha Kinyangiri, chenye mvua za msimu mmoja na mahitaji mengi ya maji, kinahusikaje na gofu? Swali ni la haki. Hapana mtu mwenye busara atakayeshauri ekari zaidi ya 100 za mashamba zigeuzwe bustani ya kumwagilia. Hata hivyo, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, naye Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi wote. Hivyo ndivyo isemavyo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Viwanja vya gofu vilivyo katikati ya miji, kikiwamo kile cha Gymkhana Dar es Salaam, vimekalia ardhi ambayo mkulima wa Kinyangiri naye ana sehemu yake. Anayetumia mali ya wote ana deni kwa wote.

Deni hilo lalipika bila gharama kubwa. Klabu zikusanye fimbo zilizotupwa stoo na kuzipeleka katika shule za mikoa isiyo na viwanja. Zipeleke walimu wakati wa likizo. Shimo la mazoezi halihitaji majani ya kumwagiliwa: katika sehemu kame za Afrika na Australia watu wamecheza kwa miaka mingi juu ya mchanga uliotiwa mafuta na kusawazishwa, na mchanga haukosekani Singida. Chama cha gofu na Baraza la Michezo la Taifa washirikiane na halmashauri ili mtoto aonekanapo ana kipaji apate klabu ya kumpokea kwa ada anayoimudu, au bila ada. Na kila klabu ianze nyumbani, kwa kuwapa uanachama wabeba mifuko wake.

Klabu itakayongoja wenye fedha wabishe hodi itabaki na majengo mazuri na watu wachache. Itakayotoka nje na kusimama pembeni mwa kiwanja cha shule, kama anavyosimama yule kijana wa Kinyangiri jioni, itapata wachezaji. Kijana huyo amekwisha fika. Kilichobaki ni kumwita.