Bei ya Mshipi Si Ile ya Dukani



Baadhi yetu tufanyao kazi ya reli Mombasa kwetu ni Takaungu, Uyombo, Mayungu au Ngomeni. Kila mwisho wa mwezi sehemu ya mshahara huenda nyumbani kwa ndugu zetu wavuvi, wakanunua ndoana, chubwi na mishipi. Basi swali la mshipi upi hudumu latuhusu sisi pia, maana fedha hizo ni jasho letu.

Wazee wetu walivua kwa uzi wa pamba, ambao ulioza upesi usipoanikwa. Nailoni ilivumbuliwa Marekani mwaka 1935, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikaenea duniani. Kwa kuwa haiozi, wengi hudhani haichakai. Hilo si kweli. Nailoni ina adui watatu: jua huifanya ikakamae na kukatika, maji huingia ndani yake kidogo na kupunguza nguvu zake, na mwamba huikwaruza.

Leo tunayo mishipi ya aina tatu. Ya kwanza ni nailoni ya uzi mmoja. Bei yake ni nafuu, hunyumbuka samaki avutapo kwa ghafula, na ikiwa nene huvumilia mkwaruzo. Ya pili ni mshipi wa kusukwa kwa nyuzi nyembamba za plastiki. Kwa unene ule ule una nguvu kupita nailoni, haunywi maji, wala hauvutiki, hata mvuvi huhisi samaki akigusa chambo kilindini. Lakini ukikazwa ukagusa tumbawe hukatika mara moja, hukata vidole, na fundo lake huteleza. Ya tatu ni florokaboni. Hainywi maji, huvumilia jua na mkwaruzo kuliko nailoni, ila ni ngumu na ghali.

Maoni yangu ni haya. Anayevua changu na chewa miambani anunue nailoni nene. Anayevua kilindini atumie wa kusukwa, na mwishoni afunge pima chache za nailoni nene au florokaboni. Anayemfuata nguru asisahau waya karibu na ndoana, kwa maana meno ya nguru hayachagui mshipi. Na kila mshipi usuuzwe kwa maji baridi na kuwekwa kivulini.

Tusiamini maandishi ya kibandiko tu. Kwenye reli mnyororo haupewi mzigo kabla ya kukaguliwa, na mshipi nao ufanyiwe vivyo hivyo. Loweka pima moja usiku kucha. Asubuhi ufunge kwa fundo lile lile la baharini, kisha inua polepole dumu la lita 20 lililojaa maji. Maji hayo ni kilo 20. Mshipi ulioandikwa kilo 25 ukikatika hapo, umekwisha kujua thamani ya kibandiko.

Wengine watasema, maskini hununua cha rahisi kwa sababu hana fedha. Ni kweli, na hapo ndipo penye mtego. Mshipi hafifu ukikatika, samaki amekwenda, ndoana imekwenda na chubwi imekwenda. Mvuvi hukopa zana kwa tajiri wa samaki, na aliyekopa humuuzia tajiri huyo kwa bei aitakayo tajiri. Kwa hiyo mshipi mbovu hupunguza ujira wa mvuvi kama vile mwajiri anavyokata mshahara. Tena kipande kilichobaki mwambani hukaa miaka mingi kikinasa samaki na kasa, na hasara hiyo ni ya watu wote.

Dawa yake twaijua sisi wa chama. Mtu mmoja hawezi kununua gurudumu zima la mshipi mzuri, lakini watu kumi wakichanga wanaweza, wakagawana kwa pima na kulipa bei ya jumla. Kwenye madiko mna vikundi vya wavuvi, BMU, na mazungumzo haya yaweza kuanzia huko. Nasi tupelekapo fedha nyumbani, tuulize mchango wa mshipi umefika wapi.

Mfanyakazi wa Reli