Kolajeni ya Kopo na Mabibo Yanayooza

Malipo ya korosho yanapowafikia wakulima wa Nachingwea na Ruangwa kupitia vyama vyao vya msingi, hayakosi wa kuyanyemelea. Siku hizi miongoni mwa wanyemeleaji wamo wauzaji wa kolajeni, ambao matangazo yao ya simu hayabagui jiji wala kijiji. Wanaahidi ngozi nyororo, nywele nzito na kucha imara, kwa kopo moja la unga linalogharimu makumi ya maelfu ya shilingi.

Kolajeni ni protini inayoshikilia ngozi, mifupa na maungio. Ile ya kopo hutokana na ngozi, mifupa au magamba ya ng'ombe, nguruwe na samaki. Ukiimeza haiendi moja kwa moja usoni. Tumbo huivunjavunja kama livunjavyo protini ya dagaa au kunde, na mwili huipeleka unakotaka wenyewe. Yapo majaribio yaliyoonyesha nafuu kiasi katika unyevu wa ngozi, lakini mengi yamegharamiwa na watengenezaji. Kwa nywele na kucha, ushahidi ni haba zaidi.

Mwili hujitengenezea kolajeni yake ukipata protini ya kutosha na vitamini C. Bibo lina vitamini hiyo mara kadhaa kuliko chungwa. Hata hivyo, kila msimu mabibo huachwa yaoze chini ya mikorosho, au hukamuliwa yakawa uraka. Mbaazi nazo hupelekwa mnadani, na kaya iliyozilima huenda isibakize za kutosha chunguni. Tunauza na kutupa malighafi, kisha tunaombwa kununua kivuli chake.

Atasema mtu: fedha ni zake, uzuri ni wake, wewe yakuhusu nini? Kupenda kupendeza si kosa, nami simlaumu mnunuzi. Lakini uchaguzi huru huhitaji ukweli. Kucha zinazokatika na nywele zinazonyonyoka huweza kuwa dalili za upungufu wa madini ya chuma, na utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya wanawake 4 katika kila 10 wenye umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Anayeuziwa kopo kabla ya kupimwa damu amecheleweshewa tiba. Aidha, katika wilaya zenye Waislamu wengi, lebo isiyotaja kama ni ng'ombe au nguruwe humnyima mnunuzi haki ya kufuata dini yake.

Usimamizi wa vyakula na vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania mwaka 2019. Shirika hilo lidai lebo za Kiswahili zinazotaja chanzo cha bidhaa, na lisiache madai ya tiba yapite bila ushahidi. Halmashauri nazo zimeelekezwa kutenga shilingi 1,000 za lishe kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5. Wanafunzi na wanaharakati wa wilaya hizi waulize zimetengwa ngapi na zimetumika ngapi. Maofisa lishe na maofisa ushirika nao wakae meza moja kabla ya msimu ujao, wapange namna ya kukamua juisi ya mabibo na kuyakausha, ili yaliwe majumbani na shuleni.