Nilimwita mlevi, kumbe zinki!

  Wikiendi yangu ilianza kwa raha ikaishia kwa aibu, na kwa kuwa humu ndani huwa nawasema wengine bila huruma, leo zamu ni yangu. Msicheke sana lakini.

Jumapili ya juzi tulijikusanya masela na masista wa kijiweni kwetu, jumla watu tisa, tukaamua kwenda kuponda raha Mbudya. Kwa wale ambao bahari wanaiona kwenye dirisha la daladala tu, Mbudya ni kile kisiwa kinachoonekana ukisimama ufukweni Kunduchi. Hifadhi ya bahari hiyo tangu 1975, hakuna nyumba za watu wala baa ya kupasua masikio, kuna mabanda ya makuti, samaki wa kukaanga na maji ambayo ukisimama mpaka kiunoni unaviona vidole vyako vya miguu. Boti unapandia Kunduchi, robo saa au zaidi kidogo umefika.

Boti tuliyopata ilikuwa faiba, turubai la kivuli juu, nyuma mashine ya farasi 40, ile ya kushika mkono, siyo ya usukani wa gurudumu. Nahodha kijana wa rika langu tu. Basi tulipotoka, tukaona kasheshe. Boti haiendi! Siyo kwamba haiendi mbele, inakwenda, ila inakwenda kulia. Jamaa anairudisha, inanyooka kidogo, halafu hiyoo, kulia tena. Kisiwa kiko mbele yetu, sisi tunakizunguka kama tunakitongoza. Nahodha mwenyewe kajikunja, kashika mkono wa mashine kwa mikono yote miwili, mguu kaukanyagisha ubavuni mwa boti, jasho linamtoka.

Sasa kijiweni kwetu mwenye mdomo mrefu ni nani? Ni mimi. Nikaanza, "Oya nahodha, jana ulikesha wapi?" Watu wakacheka. Akanijibu kwa upole, "Kaka, mashine inavuta." Nikasema ndiyo, inavuta, wewe ndiyo umevuta. Wakacheka tena. Mtu ukichekewa mara mbili unajiona mchekeshaji, hapo ndipo nilipoharibu.

Wakati wa kurudi jioni upepo ulikuwa umeamka na mawimbi yamekuwa makubwa kiasi. Katikati ya safari nahodha aliinama kuchukua kopo la kutekea maji, akabaki na mkono mmoja kwenye mashine. Sekunde moja tu, jamani. Mkono ukamponyoka, boti ikageuka kulia ghafla kama imepigwa teke, wimbi likatupiga ubavuni. Dada mmoja aliyekuwa amekaa ukingoni na kofia yake kubwa ya majani akarushwa kifudifudi juu ya deli la vinywaji. Kofia ikaenda zake baharini. Angekuwa amekaa kwa kugeukia nje, angeifuata kofia. Makelele yaliyofuata siwezi kuyaandika, mama zetu wanasoma gazeti hili.

Tulipogusa mchanga nikajifanya wakili wa abiria. Nikatangaza kwamba nahodha amelewa na nauli ya kurudi hatulipi. Tajiri mwenye boti alikuwepo pale ufukweni, akasikia yote. Hakuuliza swali hata moja. Akamwambia yule kijana mbele za watu, "Kuanzia kesho boti yangu usiiguse." Kijana akashusha deli letu, akashusha turubai, akaondoka kwa miguu. Na mimi nikarudi mjini na kichwa cha habari kichwani: MANAHODHA WALEVI WANATUMALIZA. Niliona ni bonge la stori.

Jumanne nikarudi Kunduchi kumtafuta tajiri anipe maneno mawili ya kunogesha. Sikumkuta. Nikamkuta fundi mashine, mzee wa makamo, ameinama nyuma ya boti ileile ambayo maji yalikuwa yameiacha mchangani. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza shida yangu kwa madoido yote. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Mwanangu, ulimnusa?"

"Kumnusa vipi, mzee?"

"Pombe. Ulimnusa ukasikia pombe?"

Nikasema hapana, ila boti ilikuwa inayumba. Akaniambia basi njoo hapa nikuonyeshe mlevi wako. Na mimi, kwa kuwa sikuwa na pa kukimbilia, nikavua viatu.

Kumbe hii habari ya boti kuvuta upande mmoja ina sababu kibao, na fundi wa kweli haanzi na spana, anaanza na maswali. Alikuwa ameshamwita yule kijana kutoka nyumbani kwao, yuko pale pembeni ameketi kimya, viganja vyote viwili vina malengelenge. Mzee akamuuliza: inavuta ukiwa na abiria tu au hata ukiwa peke yako? Hata peke yangu. Inavuta ukienda polepole? Kidogo. Ukiongeza mafuta? Ndiyo inazidi. Ilianza lini? Wiki tatu hivi, tangu ilipotoka sevisi mahali fulani mjini. Hapo mzee akaguna.

Maswali hayo yana maana. Boti ikiwa inavuta wakati ina watu tu, tazama kwanza walivyokaa. Tisa mkijazana upande wenye kivuli, na tenki la mafuta liko upande huohuo, na ndani kuna maji yanayokimbilia kulekule, hiyo si kesi ya mashine. Hamisheni watu, sogezeni tenki katikati, tekeni maji. Nusu ya malalamiko yanaishia hapo, anasema mzee, na hapo hujatumia hata senti tano.

Baadaye akashika mashine yenyewe akaitikisa. Zile skrubu mbili za kubania zikilegea, mashine inaweza kusogea ikakaa upogo, na mashine isiyokaa katikati lazima itasukuma kwa pembeni. Akapima kwa kamba kutoka ukingo huu mpaka huu: iko katikati. Akazungusha panga kwa mkono, akapapasa bawa moja moja kama mtu anayechagua maembe. Bawa likipinda au likimeguka kwa kugonga mwamba, mashine inatetemeka na kusumbua. Yalikuwa mazima. Akatazama pini inayoshikilia mwinamo wa mashine, kwa sababu mashine ikiinuliwa sana nyuma au ikiingizwa sana ndani, mvuto nao unabadilika. Sawa tu.

Hapo akanifundisha kitu ambacho shuleni hakuna aliyenigusia, na Fizikia nilisoma. Panga la mashine moja kwa kawaida linazunguka kwenda kulia ukilitazama kwa nyuma. Mabawa yanayoshuka na yanayopanda hayasukumi maji kwa nguvu sawa, hasa mashine ikiwa imeinama hata kidogo. Kwa hiyo mashine ina tabia ya kutaka kugeuka upande mmoja, mara nyingi kulia, na anayeizuia ni mkono wa nahodha. Kidogo si mbaya, mkono unazoea. Waliotengeneza mashine wanalijua hilo, ndiyo maana wameweka dawa.

Dawa yenyewe iko juu kidogo ya panga, chini ya lile bapa la chuma. Ni kipande kama pezi la samaki, si kikubwa kuliko kiganja cha mtoto. Mafundi wanakiita zinki. Kina kazi mbili. Ya kwanza ni kuliwa na maji ya chumvi badala ya mashine, yaani kinajitoa mhanga ili chuma kingine kibaki salama, na ndiyo maana hakipakwi rangi hata siku moja. Ukikipaka umekiziba mdomo. Ya pili ni kunyoosha boti. Kimefungwa kwa boliti moja, ukiilegeza unaweza kukigeuza mkia wake kushoto au kulia.

Kanuni yake inachekesha kwa sababu inaonekana kinyume. Boti ikivuta kulia, mkia wa zinki unaugeuzia kulia hukohuko. Ikivuta kushoto, unaugeuzia kushoto. Nilibisha, ubishi ni ugonjwa wangu. Mzee akaniambia weka kiganja nje ya dirisha la daladala inayokimbia. Ukikigeuza, upepo unakisukuma kutoka upande uliouelekeza kwenda wa pili. Maji nayo yanausukuma mkia wa zinki kwenda kushoto, sehemu ya chini ya mashine inafuata, na ule mvuto wa kulia unakufa.

Sasa tazama zinki ya boti yetu. Mpya kabisa, imebadilishwa kwenye ile sevisi, na yeyote aliyeifunga aliichomeka tu akakaza, mkia umeelekea kushoto. Kushoto! Mashine ambayo kwa asili inataka kulia imeongezewa mtu wa kuisukuma kulia. Kwa wiki tatu yule kijana alikuwa anapigana mieleka na kipande cha chuma asichokijua, asubuhi mpaka jioni, halafu anatokea mtu wa mjini na miwani ya jua anamuuliza alikesha wapi.

Kazi yenyewe ni ndogo mpaka inaudhi. Mashine imezimwa, ile kamba ya usalama imechomolewa ili asitokee mtu wa kuiwasha kwa bahati mbaya. Mzee akachora alama kwa msumari kuonyesha zinki ilipokuwa, akailegeza, akaigeuza katikati, akakaza. Maji yalipojaa tukatoka baharini watu watatu, tenki katikati. Bado inavuta kulia, ila kwa adabu. Tukarudi, akaipeleka kulia kama upana wa njiti mbili za kiberiti, akakaza, tukatoka tena. Sasa ikavuta kushoto! Amezidisha. Safari ya tatu akairudisha kidogo, na kijana akashika mkono wa mashine kwa vidole viwili, kisiwa kiko mbele na kikabaki mbele. Hakusema neno. Alicheka tu peke yake, akakiangalia kiganja chake.

Mzee alitoa onyo: hapo pamewekwa kwa mwendo ule na uzito ule. Ukipakia watu kumi au ukienda taratibu sana, mashine bado itakuwa na tabia zake, huwezi kuifanya malaika. Na mashine ikifungwa juu mno, zinki inatoka kwenye maji boti ikishika kasi, hapo ugeuze usigeuze ni bure.

Kuna mshikaji wa mtaani kwetu aliyezamia Marekani, yuko Florida, aliwahi kufanya kazi kwenye boti za matajiri, zile za kuburuta watu juu ya ubao wakirukaruka kwenye mawimbi ya boti yenyewe. Usiku nikampigia simu. Akacheka sana, akasema huko nako kilio ni hichohicho, boti inavuta. Tofauti ni kwamba mashine yao iko ndani tumboni mwa boti, hakuna zinki ya kugeuza. Usukani ni bapa la chuma chini, na fundi anakwangua ukingo wake wa nyuma upande mmoja, kidogo kidogo, anajaribu, anakwangua tena. Akizidisha imekula kwake, chuma hakirudi. Na zile boti zinajazwa maji kwenye matenki kwa makusudi ili zizame kidogo zitoe wimbi kubwa, kwa hiyo tenki la upande mmoja likijaa kuliko la pili nalo linaleta mambo. Kwa hiyo tusijione tuna mkosi peke yetu.

Lakini msidhani mzee alimwacha nahodha hivihivi. Ile kamba ya kuzimia mashine, ambayo inatakiwa kuwa kwenye mkono wa nahodha muda wote, aliikuta imeviringishwa kwenye mashine yenyewe kama kitambaa. Hapo alifoka mpaka wauza samaki wakageuka. "Ungeanguka wewe siku ile, boti inavuta kulia, hakuna aliyeishika, ingezunguka na kukurudia na panga linazunguka. Na hao tisa ndani, nani anajua kuizima?" Kijana akainamisha kichwa. Mimi pia niliinamisha, maana nilikuwa mmoja wa hao tisa na nisingejua.

Tajiri alifika saa kumi. Mzee akamweleza kwa maneno machache, kisha akanigeukia mimi, kama mwalimu anayemwita mtoro. Ikabidi niseme. Nikasema mbele ya tajiri, mbele ya kijana, mbele ya wauza samaki wawili ambao hawakuhusika ila walisogea, kwamba mimi ndiye niliyemwita mlevi na sikuwa na ushahidi wowote. Tajiri akakohoa. Akamwambia kijana, "Kesho saa mbili kuna wageni wa kwenda kisiwani, usichelewe." Basi, ndiyo msamaha wa matajiri huo.

Nikamfuata nahodha pembeni, nikatoa nauli ya kurudi ambayo tuliigomea, nikaanza hotuba yangu ya kuomba radhi. Akazihesabu hela, akazihesabu tena.

"Kaka, hapa ni za watu wanane. Yule dada wa kofia je?"