Mtu wa Kawaida Yuko Wapi?

Filamu ya A Man for All Seasons ya mwaka 1966 haina vita wala mbio za magari. Watu wanazungumza tu, kwa saa mbili. Wapo wanaosema vijana waliozoea vibanda umiza hawataivumilia. Sisi hatukubali. Hapa Mpepai mtoto hukua akiwasikia wazee wakichambua shauri la shamba neno kwa neno. Aliyezoea kusikiliza shauri ataielewa filamu hii.

Inamhusu Mtakatifu Thomas More, aliyekatwa kichwa mwaka 1535 baada ya kukataa kumkubali Mfalme Henry VIII kuwa mkuu wa Kanisa nchini Uingereza. Robert Bolt aliitunga kwanza kama tamthilia, ikachezwa London mwaka 1960, kisha akaiandikia filamu yeye mwenyewe. Ikapata tuzo sita za Oscar.

Tunaisifu, ila tuna lalamiko moja. Jukwaani alikuwapo mhusika aitwaye Mtu wa Kawaida. Mwigizaji huyohuyo mmoja alikuwa mtumishi wa nyumbani, mpiga makasia, mlinzi wa gereza na mwishowe mkata kichwa. Katika filamu ameondolewa, na kazi zake wamegawiwa watu wanaopita haraka. Hivyo lawama yote inawaangukia Cromwell na Richard Rich, shahidi wa uongo aliyepewa cheo. Sisi watazamaji tunanyanyuka tukijiona wasafi.

Hapo ndipo penye hatari. Dhuluma ya wakubwa haiendi bila mikono ya wadogo. Mpaka wa shamba hauhami bila jirani anayekubali kusema hakuona. Kilo za kahawa hazipungui mzanini bila anayeandika namba asiyoiona. Kila mmoja husema alitumwa tu.

Kwa hiyo parokia ikiwaonyesha vijana filamu hii, awepo wa kuisimamisha na kuifafanua kwa Kiswahili. Mwishoni wasiulizwe nani alikuwa mtakatifu, maana hilo wanalijua. Waulizwe: wewe ungeshika kazi ipi siku ile?

Nasi tunaojiandaa kwa upadre tujibu wa kwanza. Kati ya maaskofu wa Uingereza wa wakati ule, John Fisher peke yake alikataa hadi kufa. Wengine walikula kiapo, wakarudi kwenye majimbo yao, wakaendelea kuadhimisha Misa.