Kaka, umenukia au umeoga pafyumu?

Mwezi huu akina dada pumzikeni kidogo, nataka kuongea na akina kaka, hasa wa hapa Mwanza, maana malalamiko yamezidi.

Na wala si ya jasho, ni ya pafyumu! Panda haisi ya asubuhi kutoka Igoma kwenda mjini. Mvua inanyesha, madirisha yamefungwa, mmebanana kama dagaa. Mara anaingia kaka mtanashati, shati limenyooka, kiatu kinang'aa, na wingu zima linamfuata nyuma. Mkifika Mabatini nusu ya abiria wameshapiga chafya. Mwenyewe wala hana habari.

Hana habari kweli, msimuonee. Pua ikinusa kitu kilekile kwa dakika chache inakizoea na kuacha kukijali. Unasimama kwenye kioo, unajiona hunukii, unaongeza. Kumbe ile ya kwanza bado ipo palepale, wewe tu ndiye usiyeisikia. Aliyetumia chupa ya aina moja miaka miwili ndiye hatari zaidi, maana anajipulizia mara nane akiamini ni kidogo. Ukitaka ukweli muulize mtu ambaye hamlali chumba kimoja, kwa sababu mkeo naye ameshazoea.

Au hajazoea ila anakuonea haya. Dada mmoja alinisimulia alivyoalikwa chakula cha jioni Capri Point. Sato wa kuchoma kaletwa mzimamzima, ndizi, kachumbari, mambo safi. Akashindwa kula. Ladha ya chakula kwa sehemu kubwa tunaipata kwa pua, na pua yake ilikuwa imeshajaa pafyumu ya mwenyeji wake. Alipoalikwa mara ya pili akasema ana kazi nyingi. Kaka wa watu hadi leo anadhani aliachwa kwa kuwa hana gari!

Kuna wanaoumia zaidi ya hapo. Harufu kali inaweza kumwamshia pumu mwenye pumu, na kwenye ofisi yenye kiyoyozi hana pa kukimbilia. Mama mjamzito naye, hasa miezi ya mwanzo, anaweza kutapika kwa harufu aliyokuwa akiipenda mwezi uliopita. Usinune, punguza.

Sasa vipimo. Soma chupa. Ikiandikwa Eau de Toilette, mara mbili inatosha: kifuani kabla hujavaa shati, na nyuma ya shingo. Eau de Parfum ina mafuta mengi zaidi ya manukato, kwa hiyo anza na mara moja. Shika chupa mbali kidogo na ngozi, kama urefu wa kiganja, na uwe umeoga na kujifuta. Usipulize mahali uliponyoa sasa hivi, utaruka! Zile za kupima unazojaziwa kwenye kichupa hazina maandishi, hivyo zijaribu siku ambayo hutoki. Mafuta ya udi na marashi ya Kiarabu hayana spiriti ya kuruka hewani, yanakaa ngozini muda mrefu. Tone moja, basi. Na ukumbuke jua letu la mchana: ngozi ikipata joto harufu inapanda upya, kwa hiyo usiongeze saa sita.

Ndugu zangu wa Mwaloni Kirumba na viwanda vya sangara, ninyi nawaelewa. Mnamaliza kazi, mnataka kwenda kumwona mchumba, mnajimwagia. Lakini pafyumu juu ya samaki haifuti samaki, inazaa harufu ya tatu mbaya kuliko zote mbili. Anza na limau au siki mikononi, kwani ukali wake unaikata shombo, kisha sabuni na maji mengi. Suuza limau lote kabla ya kutoka juani, la sivyo linaweza kukuachia madoa au malengelenge. Badilisha nguo zote. Pafyumu baadaye.

Umeshazidisha na haisi inakuja? Futa kwa pamba yenye spiriti, osha kwa sabuni, halafu badili shati, maana kitambaa hushika harufu kuliko ngozi.

Nanyi akina dada, naona mnacheka. Mkimwambia “unanuka” atanuna wiki nzima. Subiri siku aliyojipaka kidogo, msogelee, mwambie hivi: “Leo umenukia vizuri, kaa hivihivi.” Na siku yake ya kuzaliwa ikifika, mnunulie mkanda.